Mwalimu wa Mlima wa Udongo

Sauti ninayoikumbuka ni ya kopo la maziwa lililotobolewa matundu kwa msumari. Ukilijaza maji ukaliinua juu, kwanza linanyamaza kidogo kama mtu anayevuta pumzi, halafu linaanza, tsi, tsi, tsi, juu ya udongo mkavu, na udongo unayanywa. Ukishashiba, sauti inageuka, inakuwa pa, pa, pa. Hapo ndipo Mwalimu alipoinua kidole na kusema kwa Kiswahili chake cha Iringa, cha kuvutavuta maneno, "Nyamazeni, mafundi. Mlima umeshiba. Sasa tutaona."

Mlima wenyewe ulikuwa nyuma ya darasa la kwanza, katika shule yetu ya udongo na nyasi kule juu ya Uyole. Ulinifika kifuani. Tuliujenga sisi kwa mikono, kwa udongo wa mtoni, na mvua yake ilikuwa ni lile kopo. Mlima ule ndio uliomwondoa Mwalimu kwetu. Yaani si mlima peke yake. Aliondolewa kwa neno moja, na neno hilo lilitoka kinywani mwangu, nilipokuwa na miaka kama tisa. Mwaka huu nimesafiri mpaka Iringa kumwambia hivyo. Lakini nitafika huko. Kwanza nataka mumwone mtu mwenyewe, kwa sababu mimi nikimkumbuka nacheka kabla ya kusikitika, na sitaki kuuacha utaratibu huo.

Sijui alizaliwa lini wala kwa nani. Tulimkuta ameshakuwa Mwalimu, kama tulivyoukuta mlima Loleza umeshakuwa mlima. Alikuwa mwembamba, mwenye masikio makubwa yaliyopitisha mwanga akisimama mlangoni asubuhi. Shati lake lilikuwa jeupe siku zote, limepigwa pasi ya mkaa mpaka mikunjo ya mikono ingeweza kukata mkate. Suruali yake ya kaki aliikunja mikunjo mitatu kabla ya kuingia kwenye tope. Si miwili, mitatu. Halafu aliingia na kutoka bila doa, wakati sisi tulifanana na mafiga. Mama yangu alikuwa akinipokea uani anashika kiuno.

"Umetoka shule au umetoka kufyatua matofali?"

"Shule, mama."

"Mmesoma nini?"

"Tumejenga mto."

"Mto!" Mama alimgeukia jirani aliyekuwa akipura maharage. "Unasikia, dada? Mito tuliyonayo haitoshi, wanajenga mwingine."

Akina mama ndio waliompa jina la Mwalimu wa Tope. Alilijua, na akiwakuta njiani aliwasalimia kwanza yeye, kwa lugha ya kwao, "Kamwene!" Nao walijibu "Kamwene, Mwalimu" huku wakiziba vinywa kwa khanga. Sisi Wasafwa salamu ile ilitupendeza kwa sababu ilikuwa ngeni. Tukaichukua, tukawa tunasalimiana nayo hata na mbuzi.

Alikuwa na neno lake ambalo mtoto yeyote aliyepita kwake analijua. Ukimwendea na jambo, labda umeona mvua inanyesha upande mmoja wa bonde na upande mwingine jua, naye ukamwuliza kwa nini, hakukujibu. Alisema, "Kwanza nitengenezee, fundi, halafu tutabishana." Basi ulikwenda kutafuta majani, vijiti, udongo, mkaa, chochote, ukatengeneza jambo lako kama ulivyolidhani. Alichuchumaa mbele yake na kuliangalia kwa heshima, kama anaangalia mtoto mchanga wa mtu. Halafu alianza kubishana. Na alibishana kweli! Hakuwa anakupa ushindi kwa sababu wewe ni mdogo. "Huu upepo wako umetoka wapi? Mbona hapa hauna mlango wa kuingilia?" Nawe uliona kweli umesahau mlango, ukakimbia kutafuta kijiti kingine.

Nikumbuke maharage. Kila mtoto alipanda harage moja kwenye kibuyu kilichokatwa, na kila asubuhi, kabla ya jambo lolote, tulikwenda na mkaa kwenye ukuta wa nyuma tukachora tulichodhani harage linafanya chini ya udongo. Hakuna aliyeruhusiwa kufukua mpaka amechora. Rafiki yangu Tusekile alichora harage lenye miguu. Watoto walicheka mpaka wengine wakajilaza chini.

Mwalimu hakucheka. Alimwuliza, "Miguu hii inakwenda wapi?"

"Inakwenda chini, Mwalimu."

"Kwa nini isiende juu?"

Tusekile alifikiri, ulimi nje. "Juu kuna nini cha kusimamia?"

Siku ya tatu tukafukua. Mguu mmoja mweupe ulikuwa umetoka, umeelekea chini. Tusekile alirukaruka akapiga kelele kwamba harage lake ni kilema, lina mguu mmoja. Kesho yake sisi wote tulichora mguu. Lakini mimi, kwa ukaidi, wa kwangu niliuchora ukielekea juu. Mwalimu hakunisahihisha. Alichukua kibuyu changu, akakilaza ubavu, akasema tungoje. Mguu ulioota ukajipinda wenyewe kutafuta chini. Nilikasirika na harage lile siku nzima, na sijalisahau mpaka leo. Mambo niliyoambiwa na walimu wengine nimesahau mengi.

Yeye mwenyewe hakujua kuchora. Ng'ombe wake alifanana na kigoda. Tulimcheka wazi, naye alisema, "Ndiyo maana nawapa ninyi mkaa." Na alikuwa mwoga wa vyura. Tulifuga viluwiluwi kwenye chungu kilichopasuka mdomo, tukiwachora kila wiki jinsi wanavyopungua mkia. Mkia ulipokaribia kwisha Mwalimu alianza kufundisha akiwa amesimama karibu na mlango. Siku chura wa kwanza aliporuka, alikuwa nje kabla yetu. "Endeleeni, mafundi," alituambia kupitia dirishani. "Nawaona vizuri kutoka hapa."

Aliwahi kutudanganya, na hili nalipenda kuliko yote. Mtoto mmoja aliuliza nani anaula mwezi mpaka unabaki ukucha. Siku hiyo Mwalimu alikuwa na haraka, akajibu mara moja bila kutengeneza kitu: ni kivuli cha dunia. Kesho yake alikuja na kikapu cha viazi mviringo. Alisimama mbele yetu, mikono nyuma, kama mtoto aliyeitwa.

"Jana niliwadanganya," alisema. "Jana jioni nimezunguka uani na kiazi mpaka mke wangu akadhani nimerogwa. Kivuli cha dunia hakimo."

Alitupa kila mtu kiazi kimoja kwenye kijiti. Tukasimama uwanjani, jua la asubuhi likiwa chini bado juu ya vilima, tukainua viazi vyetu kidogo juu ya vichwa na kujizungusha polepole. Nikaona kwa macho yangu ukucha wa mwanga ukinona, ukawa nusu, ukawa mzima, kisha ukaanza kuliwa tena, na hakuna kitu kilichokigusa kiazi. Ni mimi tu nilikuwa nazunguka. Darasa zima likawa linazunguka. Mwalimu wa darasa la pili alitoka, akatutazama, akarudi ndani akitikisa kichwa. Saa nne tukaichoma miezi yetu kwenye majivu ya jikoni kwa Mwalimu, tukaila na chumvi.

Na ule mchezo wa sakitu. Kwetu mwezi wa sita na wa saba, asubuhi nyasi zinakuwa nyeupe, zinavunjika chini ya mguu. Mwalimu alitufanya sisi tuwe maji. Baridi ikija tulishikana, bega kwa bega, tukasimama kimya tukitetemeka pale pale. Mtoto mmoja alikuwa jua, ameshika ungo. Akisogea, tuliachiana tukaanza kutembea, tunapishana. Akisogea zaidi tulikimbia kila mtu na njia yake mpaka nje ya uwanja, hayo ndiyo maji yaliyokwenda mbinguni. Bibi mmoja alikuwa akipita na mzigo wa kuni, akasimama.

"Hawa wanasoma au wamepandwa na pepo?"

"Wanasoma, bibi," Mwalimu alimjibu.

"Wanasoma nini?"

Na sisi maji, tuliokuwa tumetawanyika mpaka kwenye migomba, tukajibu wote, "Sakitu, bibi!" Bibi alitua mzigo wake akakaa juu yake kuangalia. Hakuondoka mpaka tuliposhikana tena.

Lakini siwezi kumsifu kwa yote, itakuwa uongo, naye mwenyewe hakupenda uongo. Kusoma kwetu kulikuwa kubovu. Mwisho wa mwaka nilijua herufi lakini nilizisoma kama mtu anayepita juu ya mawe mtoni. Wengine hawakufika hata hapo. Walimu wenzake walimlalamikia kwamba watoto wake wakiingia darasa la pili wanajua swali moja tu, "Umejuaje, Mwalimu?" Alisikiliza malalamiko hayo akikubali kwa kichwa, akaahidi kurekebisha. Kwa siku mbili tuliimba a, e, i, o, u kutoka ubaoni. Siku ya tatu alimwona mtoto amekuja na kiota cha ndege kilichoanguka, na ubao ulibaki peke yake. Ni kama mlevi aliyeapa. Nilimpenda kwa hilo, lakini sasa najua kwamba wenye kumlaumu hawakuwa na chuki. Walikuwa na hofu, na hofu yao ilikuwa na sababu.

Sasa mlima.

Bwana shamba alikuja kijijini na vijiti vyake vyekundu kupiga mistari ya matuta ya kukinga maji. Kila mwenye shamba mlimani alitakiwa kuyachimba pale vijiti vilipopita. Watu walinung'unika, migongo iliuma, lakini walichimba. Mimi nilibeba maji ya mama akichimba. Basi nikamwuliza Mwalimu, matuta yanafanyaje kazi? Naye, bila shaka, "Kwanza nitengenezee."

Tukatengeneza mlima wetu wote. Siku nyingi zilipita. Kila mtoto aliweka shamba la kwao mahali pake, kipande kama kiganja, na nyumba ya udongo, na mapindo ya mlima kama yalivyo kweli. Tulikwenda kuangalia na kurudi, kuangalia na kurudi, tukagombana nani yuko juu ya nani. Upande mmoja hatukuweka matuta, upande mwingine tukayaweka kama bwana shamba alivyoagiza. Halafu kopo. Upande usio na matuta udongo ulishuka mwekundu kama uji, nyumba ya Tusekile ikaenda. Upande wenye matuta maji yalisimama. Tulipiga makofi. Bwana shamba alikuwa sahihi!

Lakini tulipoongeza mvua, kopo la pili, la tatu, maji yalitembea ndani ya matuta mpaka kwenye kona moja, pale mlima unapojikunja juu ya kijito. Matuta yote yalikutana pale. Yakajaa, yakapasuka. Na chini ya ile kona lilikuwa shamba la mama yangu.

Tulijenga upya, yakapasuka pale pale. Mara tatu. Nililia. Mwalimu alichuchumaa akapapasa tope la ile kona, na kwa mara ya kwanza nilimwona ana tope kwenye shati.

"Huu ni udongo tu," alisema mwishowe. "Mlima wa udongo unajua kidogo. Mlima wenyewe unajua mengi. Tusiwatishe watu. Nitamwuliza bwana shamba taratibu, nikipata nafasi. Sisi hapa hatujamaliza kubishana."

Nafasi yake hakuipata. Wiki ile ile, mwaka ule picha ya Mfalme wa Uingereza ilipotolewa ukutani ikawekwa ya Malkia, mkaguzi wa shule alikuja na gari, na katika gari hilo hilo alimpa lifti bwana shamba. Mkaguzi alikuwa mtu wa tai, mwenye sauti ya upole. Alitaka tusome. Tulisoma kama tulivyojua. Alimsimamisha mtoto mmoja, wa pili, wa tano, na kila mmoja alipokwama alisema "Kaa, baba," "Kaa, mama," kwa upole ule ule, akaandika. Mwalimu alisimama pembeni, mikono nyuma. Sisi watoto tulijua kuna jambo linaharibika na hatukujua tulizuie kwa wapi.

Ndipo mimi nikafikiri nitamsaidia. Mkaguzi aliuliza, "Basi tangu Januari mmefanya nini?" Nikainua mkono. Nikasema, "Tuna mlima." Nikawaongoza wote nyuma ya darasa, nimeshika kopo langu, nimefurahi, nikiamini wakiona tu wataelewa.

Niliwaonyesha upande usio na matuta. Bwana shamba alitabasamu. "Vizuri sana! Hawa watoto wazuri." Nikawaonyesha upande wa pili, maji yakasimama, akatabasamu zaidi. Mwalimu aliniita jina langu, mara moja, taratibu. Nilidhani ananisifu. Nikajaza kopo tena, na tena.

"Halafu yanapasuka hapa," nikasema. "Juu ya shamba la mama. Kila siku yanapasuka hapa hapa. Vijiti vilipigwa vibaya."

Bwana shamba aliacha kutabasamu. Aliinama mpaka uso wake ukawa sawa na wangu.

"Mtoto. Nani kakufundisha maneno haya?"

Niwaeleze jambo hili, maana kila kitu kimekaa hapa. Kwetu mtoto hasemi mbele ya wakubwa, "nimejua mwenyewe." Ni ufedhuli. Ukijua kupika, mama kakufundisha, hata kama ulichungulia tu. Ukijua njia, baba kakuonyesha. Mtoto mwenye adabu, anachokijua amepewa na mkubwa wake, na akiulizwa anamtaja mkubwa huyo ili apate sifa. Mama alinilea hivyo. Basi nilikunja magoti kidogo, nikaweka mkono kifuani kama nilivyofunzwa, na kwa heshima yote niliyokuwa nayo nikasema:

"Mwalimu."

Wote wawili walimgeukia. Angeweza kusema wameona wenyewe. Ilikuwa kweli tupu, maji yenyewe ndiyo yaliyotufundisha. Alinitazama mimi kwanza. Halafu akasema, "Ndiyo. Ni mimi."

Mkaguzi alimwambia kwa ile sauti ya upole, "Kusoma hawajui, lakini kuwachochea wazazi wao wasitii, hilo wamejua." Mwalimu alikunjua suruali yake, mkunjo mmoja mmoja, mpaka yote mitatu ikaisha.

Hakuna aliyempigia kelele. Barua tu ilikuja, uhamisho wa kwenda Iringa, na onyo ndani yake. Wavulana wa darasa la nne waliletwa na majembe wausambaratishe mlima wetu, na sisi tulipangwa mstari tuangalie. Tusekile alinishika mkono. Siku ya lori mama alimpelekea Mwalimu mahindi mabichi, na aliporudi hakuniambia walizungumza nini. Mimi nilijificha kwenye shamba la pareto mpaka mlio wa lori ukaisha, kwa sababu ningekwenda kumwambia nini?

Nilisoma mpaka darasa la nne, nafasi ikaishia hapo kwa wasichana wa kwetu. Nilikuwa naota kuwa mwalimu, na bado naota, kuota hakuombewi ruhusa. Mwaka huu shangazi yangu aliyeolewa Iringa alijifungua, nikatumwa kwenda kumsaidia. Kabla ya kuuliza habari za mtoto niliuliza habari za Mwalimu. Shangazi anajua kila mtu. Akanionyesha shule.

Nilisikia darasa kabla ya kuliona. "Kuku ni nde-ge! Kuku ni nde-ge!" Niliposimama mlangoni walikuwa wamekaa wima, mikono juu ya madawati, na mbele yao alisimama Mwalimu. Shati jeupe, mikunjo ile ile. Nywele zimepata mvi. Suruali imeshuka mpaka viatuni. Na mkononi fimbo, nyembamba, ya mwanzi. Kwetu sikuwahi kumwona na fimbo.

Alipowatoa watoto kwa mapumziko nikaingia.

"Kamwene, Mwalimu."

"Kamwene." Alinitazama. "Wewe mtoto wa nani?"

"Wa Mbeya. Wa mlima wa udongo."

Alikaa kwenye kiti chake polepole. "Aa," alisema. "Umekua. Harage lako bado lina kiburi?"

Nikacheka, machozi yakanitoka, nikaona nikichelewa sitasema. "Mwalimu, nimekuja kuungama."

"Mimi si padri, mama."

"Ni mimi niliyewaambia wale wakubwa kwamba wewe ndiye uliyetufundisha. Nilisema kwa adabu tu. Nimekaa nalo miaka saba."

Alishangaa kweli. "Mtoto akiulizwa nani kakufundisha, amtaje nani? Amtaje mbuzi?" Akatikisa kichwa. "Ungesema umeona mwenyewe wangekuchapa wewe, na mimi ningeondoka vilevile. Barua ile ilikuwa inatafuta siku tu."

Nilidhani akinisamehe nitapata nafuu. Lakini hakuona hata cha kusamehe. Mzigo wangu wa miaka saba aliutua chini kwa maneno mawili, nikabaki na mikono mitupu, sijui niiweke wapi. Basi nikamweleza habari nyingine niliyomletea.

"Matuta yalipasuka, Mwalimu. Mwaka wa kwanza yalishika. Mwaka wa pili masika ilikuwa kubwa, yakapasuka. Kwenye ile kona yetu, na mahali pengine pia."

"Pengine?" Aliinua kichwa. "Pengine wapi?"

"Juu zaidi. Hatukuwahi kufikiri pale."

"Juu? Haiwezekani. Maji yangefikaje juu ya kona kabla hayajajaa kona? Hebu..." Aliangalia huku na huku, akasukuma vitabu. Meza ilikuwa na vumbi la chaki. "Nitengenezee."

Nikachora kwa kidole kwenye lile vumbi, kona, kijito, mistari. Aliinama kabisa, masikio yale makubwa, pumzi zake zinapeperusha vumbi. "Hapo kuna mwamba," alisema. "Chini ya udongo pana mwamba, maji hayapiti! Sisi hatukuweka mwamba. Mlima wetu ulikuwa udongo mpaka ndani! Fundi, tuliusahau..."

Viatu vilisikika ukumbini. Mwalimu alifuta meza kwa mkono wake wa shati, mara moja, kona na kijito na kila kitu. Shati likabaki na doa. Mwalimu mkuu alichungulia, akanisalimu, akamwambia anamhitaji ofisini kuhusu ukaguzi wa Jumatano.

"Nakuja, mzee." Akasimama, akakung'uta mkono. Aliniona naitazama fimbo. "Jumatano atataka vibao visafi," akaniambia chini chini. "Watoto hawa wanachorachora. Nimewaambia, nikikuta picha kwenye kibao, viboko viwili. Usinitazame hivyo. Nina watoto sita, na darasa hili nikilipoteza hakuna jingine. Ningoje hapa, nitakusindikiza."

Nilibaki peke yangu. Nikatembea kati ya madawati nikiangalia vibao vyao vyeusi vya jiwe, vimepangwa kungoja kusahihishwa. Kuku ni ndege. Kuku ni ndege. Kuku ni ndege. Kwenye dawati la mwisho, karibu na dirisha, kibao kimoja kiliandikwa "Kuku ni nde" na hapo kalamu ilikuwa imechoka na maneno. Chini yake palikuwa na kuku mwenyewe. Alikuwa amechorwa kwa ubavu, tumbo wazi, na ndani ya tumbo mayai yamepangwa foleni. La kwanza lilikuwa kubwa, na ganda lake, karibu na mlango wa kutokea. La pili dogo kidogo. La tatu dogo zaidi. Yaliendelea hivyo yakipungua mpaka la mwisho likawa kama punje ya ulezi. Mtu hawezi kujua hivyo bila kuchungulia kuku akichinjwa, na kuuliza, na kukaa akifikiri yai la kesho liko wapi leo.

Nilitamani kumpigia Mwalimu kelele aje aone. Nikachungulia dirishani. Alikuwa anarudi uwanjani, amefuatana na mwalimu mkuu, na watoto walikuwa wanaanza kujipanga mstari. Ningekigeuza kibao, Mwalimu angekigeuza tena. Ningekificha, mtoto asingekuwa na kibao kabisa. Sikujua hata ni mtoto wa kike au wa kiume.

Nikalowesha ncha ya khanga kwa mate. Nikaanza na lile yai dogo kuliko yote, nikaja na la pili yake, moja moja, mpaka nikamfikia kuku. Halafu nikachukua kalamu yake ya jiwe nikaandika herufi mbili zilizobaki.